Alama Ndogo na Uhalali wa Kipimo

Swali: Je, alama ndogo katika kipimo cha utambuzi zinathibitisha kwamba mzee asiyejua kusoma ana ugonjwa wa kusahau?

Jibu: Hapana, kwa sababu uhalali wa kipimo, yaani kiasi ambacho matokeo yake yanawakilisha uwezo uliokusudiwa kupimwa, hutegemea pia anayepimwa. Mini-Mental State Examination, kipimo cha alama 30 kilichochapishwa mwaka 1975, humtaka mtu asome agizo, aandike sentensi na anakili mchoro, hivyo asiyesoma hupoteza alama hata kama ubongo wake ni mzima. Kipimo cha IDEA, kilichofanyiwa utafiti wilayani Hai, Tanzania, hutumia njiti za kiberiti badala ya kalamu, na matokeo yake yalilinganishwa na uchunguzi wa madaktari. Alama pekee zisitumike kutoa hukumu.