Shincha Haingoji: Vidokezo vya Kuifaidi Chai ya Mavuno ya Kwanza

Kila mwaka, Aprili na Mei, wakulima wa Japani huchuma machipukizi ya kwanza tangu baridi iishe. Chai yake huitwa shincha, chai mpya ya mwaka. Ukiipata kutoka shamba dogo la kilimo hai, ifanyie haki.

1. Fuata msimu. Kusini, Kagoshima, joto huwahi na uchumaji huanza mapema Aprili. Shizuoka na Uji hufuata, na mashamba ya milimani huchelewa zaidi. Siku inayoenziwa tangu zamani ni ya 88 tangu mwanzo wa majira ya kuchipua kwa kalenda ya jadi, yaani tarehe 1 au 2 Mei. Sisi tuliozoea chai ya Kericho, inayochumwa mwaka mzima, inabidi tujifunze kuisubiri hii.

2. Jua utamu wake unatoka wapi. Wakati wa baridi mchai hupumzika, na akiba yake ya virutubisho hupanda kwenye machipukizi majira yakibadilika. Miongoni mwake ni teanini, inayoipa chai ule utamu mzito unaokaribia ladha ya supu. Jua la kiangazi huigeuza teanini kuwa katekini, na hapo ndipo ukakasi huongezeka. Ndiyo maana mavuno ya pili hayafikii ya kwanza.

3. Muulize mkulima anarutubisha vipi shamba lake. Kwangu hili ndilo swali kubwa. Wengi hutumia mbolea nyingi ya naitrojeni ili ladha iwe nzito. Mkulima wa kilimo hai hutegemea mashudu, mboji na nyasi, kwa hiyo chai yake mara nyingi huwa nyepesi, safi, yenye harufu ya majani mabichi. Usiidhanie kuwa dhaifu. Inywe taratibu na utaizoea. Shizuoka wapo wanaokata nyasi za mbugani na kuzitandaza kati ya mistari ya michai, desturi ambayo Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) liliitambua mwaka 2013 kuwa urithi wa kilimo duniani. Mavuno ya kwanza pia humpendelea mkulima asiyepiga dawa, kwa sababu wadudu wengi huzaana baadaye, joto likipanda. Tafuta nembo ya kilimo hai ya JAS (viwango vya kilimo vya Japani): kwa mazao ya kudumu kama chai, shamba lazima liwe limekaa angalau miaka 3 bila kemikali zilizokatazwa. Mashamba mengine madogo hayana nembo kwa sababu ukaguzi una gharama, na hapo majibu ya mkulima mwenyewe yatakusaidia kuamua.

4. Maji yasiwe ya moto sana. Maji yanayotokota huiunguza shincha, ikatoa uchungu mtupu. Nyuzi 70 hadi 80 zinatosha. Huna kipimajoto? Mimina maji yaliyochemka kikombeni, kisha yahamishie kikombe kingine. Kila uhamishapo hupoa kwa takriban nyuzi 10. Weka gramu 5 za majani kwa mililita 200 za maji, subiri dakika moja, kisha mimina mpaka tone la mwisho. Maji yakibaki kwenye buli, majani yataendelea kuiva na mkupuo wa pili utakuwa mchungu. Kama mko wengi, zungusha buli ukimimina kidogo kidogo katika kila kikombe, ili mgeni wa mwisho asipate chai kali peke yake.

5. Usiyatupe majani. Mkupuo wa pili unataka maji ya moto zaidi kidogo na sekunde 10 hadi 15 tu. Wa tatu, ongeza muda. Yakishaisha nguvu, yatie mchuzi wa soya kidogo uyale: machipukizi machanga ni laini.

6. Sukari iwe pembeni. Watu wa pwani wanalijua hili tayari: kahawa chungu, kashata mkononi. Wajapani nao hula kitu kitamu kabla ya kunywa chai isiyotiwa chochote. Kashata ya nazi inafaa kabisa.

7. Siku ya joto, tumia maji baridi. Gramu 10 hadi 15 kwa lita moja, ndani ya friji kwa saa 3 hadi 6. Ukakasi hubaki kwenye majani, utamu ndio hutoka.

8. Nunua kidogo, maliza upesi. Hewa, mwanga, joto, unyevu na harufu za jikoni huiharibu. Pakiti ya gramu 50 au 100 ikishafunguliwa, imalize ndani ya mwezi. Ambayo haijafunguliwa ikae kwenye friji, na ukiitoa iache ipate joto la chumba kabla ya kuikata, la sivyo itashika unyevu.

9. Agiza mapema. Shamba dogo huwa na kilo chache, na usiku mmoja wa jalidi mwezi Aprili unaweza kuunguza machipukizi. Ndiyo sababu ya zile feni juu ya nguzo mashambani, zinazosukuma hewa yenye joto chini. Mwandikie mkulima mwezi Machi.