Uji Uliolala na Dawa ya Kupaka

Katika nyumba za Buger, wilayani Karatu, uji wa mahindi uliobaki sufuriani tangu jioni hukutwa asubuhi umeganda. Ukikorogwa kwa mwiko, mgando huvunjika, maji hujitenga, na hata ukipashwa moto tena hubaki na madonge. Jambo hilo dogo la jikoni humshughulisha pia mtengenezaji wa dawa.

Wanga ni polima, yaani molekuli ndefu iliyofanywa kwa glukosi nyingi zilizoungana kama shanga katika uzi. Joto likifikia kiasi cha nyuzi 70 za Sentigredi, punje za wanga hunywa maji na kuvimba, na mnato wa uji hupanda. (Katika nyanda za juu za Karatu maji huchemka kabla ya kufikia nyuzi 100, lakini joto hilo latosha.) Uji ukipoa, minyororo iliyonyooka, iitwayo amilosi, hushikamana ikawa kama wavu uliofungia maji ndani yake. Wavu huo ukishakatika hauungi tena.

Dawa ya kupaka kidonda yataka zaidi ya hayo. Yapasa itiririke inapokamuliwa, kisha itulie papo hapo bila kuchuruzika, kama dawa ya meno juu ya mswaki. Polima zenye tabia hiyo hupatikana katika mwani, ambao kilimo chake cha biashara kilianza Zanzibar mwishoni mwa miaka ya 1980, na wakulima wake wengi ni wanawake. Mwani wa cottonii hutoa karajinani ya kapa, ambayo pamoja na potasiamu hufanya mgando mgumu, mwepesi kumeguka. Spinosum hutoa karajinani ya iota. Hii, pamoja na kalsiamu, hufanya mgando laini unaonyumbuka, na ukivunjwa hujiunga tena ukiachwa utulie. Mtaalamu huzichanganya, akipunguza hii na kuongeza ile, hata apate ugumu anaoutaka.

Mkulima ana hesabu nyingine. Cottonii ina bei nzuri zaidi, nayo ndiyo hufa upesi bahari inapopata joto. Spinosum huvumilia, ila bei yake ni ndogo, ingawa ndiyo yenye mgando unaojiunga. Mwani mwingi wa Zanzibar huuzwa nje ukiwa umekaushwa tu, na karajinani hutolewa katika viwanda vya ng'ambo.