Riali 80 ni Bati Ngapi? Hesabu ya Kuhamia Ng'ambo

Kwenye Hisabati ya Kidato cha Tatu kuna swali la kubadilisha fedha. Mwanafunzi anapewa kiasi cha dola, anapewa kiwango cha siku hiyo, anazidisha, anapata shilingi, mwalimu anaweka alama ya vema. Kitabu kinaishia hapo. Shida ni kwamba watu wazima wengi nao wanaishia hapohapo, halafu wanauza ng'ombe kwa hesabu hiyo.

Nimeona tuiendeleze mada hii kidogo. Karibu kila kundi la WhatsApp hapa chuoni lina mtu wa kutuma matangazo ya kazi Uarabuni au masomo ya uzamili Uingereza, na mshahara anakuletea ukiwa umeshageuzwa kuwa shilingi, wenye sifuri nyingi za kutosha. Na nyumbani kwetu Issuna, wilaya ya Ikungi mkoani Singida, hesabu ya namna hii iko mezani sasa hivi. Dada yangu, miaka 25, mama wa mtoto wa miaka minne, ameletewa habari na dalali: kazi za ndani Oman, mkataba wa miaka miwili, riali 80 kwa mwezi. Mama akasema, "Wewe ndiye msomi, tupigie hesabu." Basi nimeipiga, na njia yake ndiyo hii.

Tuanze na kile ambacho kila mtu anakijua. Riali ya Oman imefungwa kwenye dola ya Marekani, na tangu 1986 kiwango ni riali moja kwa takriban dola 2.6. Tuchukue dola moja kwa shilingi 2,500 ili kichwa kisituume; riali moja inakuwa shilingi 6,500. Riali 80 ni shilingi 520,000. Mama yangu hahesabu kwa shilingi, anahesabu kwa bati. Tukiliweka bati moja la geji 30 kwenye shilingi 25,000, mshahara wa mwezi ni bati 20 na chenji inabaki. Kwa watu wanaosubiri alizeti ikomae ndipo waone hela, hapo mjadala ungeweza kufungwa.

Lakini shilingi iliyozidishwa siyo shilingi iliyobaki. Ukitaka kuliona hilo vizuri, iache Oman kwanza uende Uingereza, ambako wengi wetu ndiko tunakoota. Kule kima cha chini cha mshahara kwa mwenye miaka 21 na kuendelea kilikuwa pauni 12.21 kwa saa kuanzia Aprili 2025. Kwa pauni moja ya shilingi 3,300, hiyo ni zaidi ya shilingi 40,000 kwa saa moja! Kibarua cha palizi Issuna hakikupi hiyo kwa siku mbili. Tangazo la WhatsApp litaandika namba hiyo kwa herufi nzito na kunyamaza.

Sasa soma upande wa pili, ambao serikali yenyewe ya Uingereza imeuandika. Kuanzia Januari 2025, mwanafunzi aliyeomba viza alitakiwa aonyeshe ana pauni 1,136 za kuishi kwa kila mwezi kama chuo kilikuwa nje ya London, au 1,483 kama kilikuwa London, hadi miezi tisa. Hii ni nje ya ada, na nje ya pauni 776 kwa mwaka za huduma ya afya. Mwanafunzi wa shahada anaruhusiwa kufanya kazi saa 20 tu kwa wiki masomo yakiwa yanaendelea. Zidisha: saa 20 kwa 12.21 ni pauni 244.20 kwa wiki, kama pauni 1,058 kwa mwezi. Ukitoa 1,136 umepungukiwa pauni 78, hujanunua kitabu wala hujalipa ada, na nyumbani wanasubiri umewatumia nini. Ujerumani nao wana utaratibu wao wa akaunti maalumu: tangu Septemba 2024 unaweka euro 11,904 za mwaka mzima na unaruhusiwa kuchota euro 992 tu kila mwezi. Kwa hiyo mtu akikuambia gharama za maisha majuu hazijulikani mpaka ufike, si kweli. Zimeandikwa kwenye masharti ya viza, bure kabisa, na watu hawazisomi.

Jambo lenyewe wachumi wanaliita uwezo wa kununua, na mwanachuo yeyote anayeishi kwa bumu analifahamu bila mhadhiri. Shilingi 10,000 za siku, kwa mtu anayejipanga, ni chai na chapati asubuhi, wali maharage mchana, ugali jioni, na vocha kidogo. Zipeleke Uingereza: ni pauni tatu, na kwa pauni tatu siku haiishi. Hela haikupungua njiani. Bei za huko ndizo zimepanda juu pamoja na mishahara ya huko. Anayefaidi tofauti hii ni yule tu anayepata kwa bei za kule na kutumia kwa bei za huku.

Na hapo ndipo ofa ya dada inaporudi na nguvu, kwa sababu mfanyakazi wa ndani anakaa kwa mwajiri, anakula kwa mwajiri. Kodi hana, nauli ya daladala hana. Tumtolee riali 10 kwa mwezi za bando, sabuni na mahitaji ya kike. Anabaki na riali 70, yaani shilingi 455,000. Kutuma nako kuna makato. Malengo ya Maendeleo Endelevu ya Umoja wa Mataifa yanataka gharama za kutuma fedha nyumbani zishuke chini ya asilimia 3 ifikapo 2030, na hatujafika. Wakikata asilimia 5, shilingi 22,750 zimekwenda, karibu bati moja kila mwezi. Bado zinabaki bati 17. Kwa hesabu hii tupu, dada akiwa jikoni kwa watu Oman anaweka akiba kuliko mwenye shahada anayeosha vyombo nje ya London. Sikulitegemea jibu hilo, lakini ndilo.

Ila bado hatujagawanya. Mshahara umenunua saa ngapi? Kama ni saa 8 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, ni saa 208, na 520,000 zinatoa shilingi 2,500 kwa saa. Sasa mwaka 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti juu ya Watanzania wanaofanya kazi za nyumbani Oman na Falme za Kiarabu, baada ya kuzungumza na wanawake 50 waliofanya kazi hizo. Wapo waliosema walifanya kazi hadi saa 21 kwa siku, bila siku ya kupumzika. Sitaki kuchukua mfano mbaya kuliko yote. Tuseme saa 16, siku 30: saa 480. Mshahara uleule sasa ni shilingi 1,083 kwa saa. Zaidi ya nusu ya thamani ya kila saa imepotea na hakuna aliyeiba hata senti. Karatasi ya malipo inasoma riali 80 kama mlivyokubaliana.

Nilipofika hapo nilidhani nimemaliza. Nikampigia dada simu nikamsomea. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Nimekuelewa, mdogo wangu. Sasa nipigie na ile ya Dar."

Ya Dar ni hii. Dada alishafanya kazi za ndani Dar es Salaam, kama wasichana wengi wa Singida walivyofanya kabla yake. Alilipwa 70,000 kwa mwezi, analala hapohapo, anaamka saa kumi na moja alfajiri. Tukisema saa 14 kwa siku 30, ni saa 420. Inakuja shilingi 167 kwa saa. Yaani Oman hata ile ya kunyonywa, ya saa 16 bila mapumziko, inalipa mara sita na zaidi ya nyumba aliyoitoka, ambayo baba mwenye nyumba ni mtu wa kuheshimika tu na Jumapili yuko kanisani. Semina za kuwaonya wasichana wasiende Uarabuni hazigusi namba hii. Wanaambiwa kule ni utumwa, wanarudi nyumbani wanalinganisha, wanaondoka.

Basi kinachobaki kuamua ni yale ambayo hayagawanyiki kwa saa. Nchi nyingi za Ghuba zina utaratibu wa kafala: viza yako imefungwa kwa mwajiri anayekudhamini, na ukimkimbia unageuka wewe kuwa mkosaji. Sheria ya Kazi ya Oman ya 2003 iliwaacha nje wafanyakazi wa nyumbani. Wakatungiwa kanuni zao mwaka 2004, nyepesi zaidi. Mkataba namba 189 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2011, unasema mfanyakazi wa nyumbani apate angalau saa 24 mfululizo za mapumziko kila wiki, lakini mkataba unaibana nchi iliyouridhia tu. Katika ripoti ile ya 2017, wanawake walieleza kunyang'anywa pasipoti, na waliotaka kuondoka mapema kudaiwa warudishe gharama za kuwaleta. Kwa hesabu zetu, mtu wa namna hiyo anaweza kutoka na hasi.

Jirani yetu mmoja alikaa huko miaka miwili. Lugha haikumsumbua, bibi wa nyumba ile alikuwa anajua Kiswahili, na si ajabu, maana Waomani wengi wenye asili ya Zanzibar walihamia huko baada ya Mapinduzi ya 1964, hasa tangu Sultan Qaboos aliposhika madaraka mwaka 1970. Mshahara wake ulitoka kila mwezi. Amejenga nyumba ya matofali ya kuchoma, imeezekwa, ina madirisha ya vioo, ukipita barabarani kwenda Singida mjini unaiona. Nilimuuliza kuhusu ubora wa maisha, kwa maneno yangu ya darasani. Akacheka. Akasema simu alikuwa anapewa saa moja Ijumaa usiku, na kwamba mwanawe alipomuona siku ya kurudi alimwita shangazi. Nyumba haijutii. Binti yake hataki aende. Nilishindwa kuyapanga hayo mawili yakae kwenye mstari mmoja, na naona yeye hana haja ya kuyapanga.

Kwetu sisi wa ualimu, swali hili lingefaa kabisa kukaa kwenye mada ileile ya Kidato cha Tatu. Nilipokuwa kwenye mazoezi ya kufundisha, darasa zima lililala kwenye mfano wa dola kutoka kitabuni, wakaamka nilipouliza kuku wa Issuna akiuzwa Dar anaacha faida ya kweli kiasi gani ukitoa nauli na waliokufa njiani. Wanajua kutoa. Hakuna anayewaomba watoe.

Dada nimemwandikia maswali ya kumpelekea dalali: wakala wake amesajiliwa, na serikali inamtambua? Mkataba uko kwa lugha gani, na saa za kazi zimeandikwa? Tiketi na vipimo vya daktari analipa nani? Pasipoti itakaa mkononi mwa nani? Ijumaa ni yake? Akitaka kuondoka mwezi wa tatu, anadaiwa nini? Pasipoti ameshaitoa, shilingi 150,000, zimetoka kwenye alizeti ya mwaka jana. Mtoto atalala kwa mama, hilo limekubaliwa. Dalali amejibu swali la tiketi na la daktari siku ileile. La pasipoti na la Ijumaa, wiki ya tatu hii, bado.