Mzee Aliyetafuta Mrithi

SOMO LA MWEZI. Soma kwanza: Hesabu 27:1-11 na Luka 12:13-21.



Katika mkutano wa mafunzo wa mwezi uliopita mama mmoja alituuliza swali ambalo hatukulijibu vizuri. Alisema, "Mwalimu, hivi kuandika wosia ni jambo la Kanisa, au ni la mahakama tu?" Tulimjibu kwa haraka kwa kuwa kengele ya sala ya jioni ilikuwa imekwisha kulia. Tangu siku ile jibu letu limekuwa likitusumbua. Basi leo tunalirudia swali lake kwa utaratibu, na kwa njia ya historia, maana ndilo somo tulilowafundisha walimu chuoni kwa miaka mingi.

Tuanzie kwenye Kitabu cha Sala cha mwaka 1662, ambacho wamisionari wa Kiingereza walikuja nacho katika nchi zetu. Ndani yake imo ibada ya kumzuru mgonjwa. Wengi wetu tunazijua sala zake, lakini maelekezo anayopewa padre huwa tunayapita. Padre anaagizwa kwamba, ikiwa mgonjwa hajaipanga mali yake, amshauri afanye wosia na kuyataja madeni yake, yale anayodaiwa na yale anayodai. Anaagizwa pia awahimize wenye uwezo wawakumbuke maskini. Tena Kitabu kinataka watu wakumbushwe mara nyingi kuyatengeneza mambo haya wangali na afya, wala wasingoje kitanda cha ugonjwa. Mama yetu aone mwenyewe kama hilo ni jambo la Kanisa!

Huko Uingereza ya wakati ule Kanisa lilihusika zaidi ya hapo. Wosia wa mali inayohamishika, yaani fedha, vyombo, mifugo na kadhalika, ulithibitishwa katika mahakama za Kanisa. Mtu aliyeacha vitu vya thamani ya zaidi ya pauni 5 katika dayosisi mbili au zaidi, wosia wake ulikwenda katika mahakama ya Askofu Mkuu. Sehemu kubwa ya nchi ilikuwa chini ya Canterbury, na kaskazini chini ya York. Utaratibu huo uliendelea hadi mwaka 1858, ndipo kazi hiyo ikahamishiwa mahakama ya serikali. Kesi za ardhi zilikuwa na mahakama zake nyingine.

Sasa tumtazame mtu mmoja wa karne ile, tajiri, aliyefanya kazi katika jumba la mfalme, tuone urithi ulimhangaisha kwa namna gani. Jina lake Stephen Fox. Alizaliwa mwaka 1627 katika kijiji cha Farley, wilaya ya Wiltshire, katika nyumba ya watu wa kawaida. Angali kijana aliingia katika utumishi wa wakubwa. Mfalme Charles wa Kwanza aliuawa mwaka 1649, na mwanawe, Charles wa Pili, akakimbilia ng'ambo. Kuanzia mwaka 1654 Fox ndiye aliyetunza matumizi ya nyumba ya mfalme huyo asiye na nchi. Fedha zilikuwa haba, wadai walikuwa wengi, na kila mtu mezani alijiona mkubwa. Aliyeweza kuiendesha nyumba kama ile bila aibu alikuwa amekwisha kufuzu chuo kikuu cha hesabu.

Mfalme aliporudishiwa kiti mwaka 1660, Fox alirudi naye, na mwaka 1661 akapewa kazi ya kulipa mishahara ya askari wa mfalme. Utajiri wake ulitoka hapa, na inafaa tueleze jinsi ulivyopatikana. Hazina ya serikali ilikuwa ikichelewa kutoa fedha, na askari hawezi kula ahadi. Fox alikopa kwa jina lake mwenyewe kwa wenye fedha wa London, akawalipa askari kwa wakati, kisha akangoja Hazina imrudishie pamoja na riba. Zaidi ya hayo alikata shilingi 1 katika kila pauni ya mshahara wa askari (pauni moja ilikuwa shilingi 20). Msomaji atauliza kama hiyo ilikuwa haki. Kwa sheria ya wakati ule ilikuwa halali, na bila yeye askari wangekaa muda mrefu bila kitu. Hata hivyo, hatusahau kwamba shilingi ile ilitoka mfukoni mwa maskini. Rafiki yake John Evelyn, aliyeandika habari za kila siku katika daftari, alikadiria mwaka 1680 kwamba Fox amekwisha kupata si chini ya pauni 200,000, na akastaajabu kwamba mtu huyu hakuonewa wivu.

Sasa tuje kwenye watoto, maana hapa ndipo penye somo. Fox na mkewe wa kwanza, Elizabeth Whittle, walizaa watoto kumi. Fedha hazikuweza kuwazuia wasife. Walikufa mmoja baada ya mwingine, wengine wadogo, wengine watu wazima. Binti yake Elizabeth aliolewa na Lodi Cornwallis, naye akafa kijana. Aliyebaki katika mabinti ni Jane.

Huyu Jane alitafutwa sana na wakubwa, na sababu si ngumu kuitambua. Desturi ya matajiri wa huko ilikuwa hivi: ardhi ilielekezwa kwa mtoto wa kiume wa kwanza ili isigawanyike, na binti alipewa fungu la fedha siku ya kuolewa. Kwa hiyo ndoa ya binti ilikuwa ni sehemu ya kugawa urithi baba angali hai. Mwaka 1681 mke wa Earl wa Sunderland, mmoja wa wakubwa wa nchi, alimtuma Evelyn ampelekee Fox posa kwa ajili ya mwanawe. Evelyn hakutaka, kwani alimjua kijana yule kuwa mfujaji, lakini mama alimshikilia hata akaenda. Fox akajibu kwa adabu kubwa kwamba binti yake bado ni mdogo mno na kwamba heshima ile imemzidi. Evelyn mwenyewe alifurahi posa ilipokwama. Tunaipenda sana habari hii. Mtu aliyetoka kijijini anaombwa binti na mke wa Earl, naye anajua kukataa bila kumtukana mtu! Jane aliolewa mwaka 1686 na Earl wa Northampton.

Mkewe Fox alifariki mwaka 1696. Ilipofika mwaka 1703, kati ya watoto kumi walikuwa wamebaki wawili tu, Jane na Charles. Charles alikuwa ameoa zamani, wala hakujaliwa mtoto. Mzee aliona wazi mambo yatakavyokuwa: Charles akifa, mali yote itaelekea kwa watoto wa mabinti zake, nao ni wa koo nyingine zenye majina mengine, tena wameshiba tayari. Jina la Fox litabaki juu ya kaburi tu.

Basi akaoa. Alikuwa na umri wa miaka 76. Bibi arusi, Christian Hope, alikuwa binti wa padre, kijana mno kwake. Tunaweza kukisia maneno yaliyosemwa jijini, maana watu ni wale wale. Lakini mwaka 1704 alizaliwa mtoto wa kiume, akaitwa Stephen kwa jina la baba yake, na mwaka 1705 akafuata mwingine, Henry. Alikuwepo pia binti aliyeitwa Charlotte. Mwaka 1713 Charles akafariki bila mtoto, kama mzee alivyoogopa. Mzee naye akafa tarehe 28 Oktoba 1716, mwenye umri wa miaka 89, akazikwa kwao Farley.

Msomaji apige hesabu. Mrithi mkuu alikuwa na miaka 12, mdogo wake 11. Sheria ya mwaka 1660 ilimruhusu baba kutaja katika wosia mlezi wa watoto wake mpaka watimize miaka 21, na kwa mzee wa umri ule mwenye watoto wadogo hapakuwa na sheria yenye maana zaidi. Hii ni sababu mojawapo ya wosia ambayo watu hawaifikirii. Hudhani wosia ni wa kugawa ng'ombe na nyumba, kumbe kuna swali la nani atamshika mtoto mkono. Na kweli, mama yao naye hakukaa. Alifariki kabla miaka mitatu haijaisha. Vijana wale wakawa yatima, yatima wenye mali.

Stephen aliyepata sehemu kubwa aliitunza na kuiongeza. Alioa mwaka 1736 binti mwenye urithi mkubwa, ambaye alikuwa na miaka 13 tu (tunalisema kwa masikitiko, maana ni mtoto yule), na mwaka 1756 akapewa cheo cha Earl wa Ilchester. Yaani mzee alipata alichotaka, lakini tena si chote. Mwaka 1758 Stephen aliunganisha jina la ukoo wa mkewe na lake, wakaitwa Fox-Strangways. Jina ambalo mzee alioa kwa ajili yake likaanza kubeba mzigo wa jina jingine.

Henry alikuwa na mwendo mwingine. Fungu lake alilimaliza ujanani, sehemu kubwa katika kamari, akalazimika kukaa ng'ambo mbali na wadai wake. Baadaye aliingia katika siasa, na mwaka 1757 akashika kazi ile ile ya baba yake ya kulipa jeshi. Baba alitajirika pale asionewe wivu; mwana alitajirika pale akachukiwa nchi nzima. Alipewa cheo cha Lodi Holland, lakini mwaka 1769 watu wa jiji la London walipeleka malalamiko rasmi kwa mfalme juu ya fedha ambazo hazijatolewa hesabu.

Henry hakuweza kumnyima kitu mwanawe Charles James. Husimuliwa kwamba alimwahidi mtoto huyo kumwonyesha ukuta ukibomolewa, wafanyakazi wakaubomoa mtoto hayupo, baba akaagiza ujengwe upya ili ubomolewe mbele ya macho yake. Kijana alipokuwa na miaka 14 baba alimpa fedha za kuchezea kamari. Tumelea watoto wa watu kwa miaka mingi, na hatukushangaa kusoma yaliyofuata: kabla ya kufa mwaka 1774 Lodi Holland alilipa madeni ya kamari ya mwanawe yaliyozidi pauni 100,000. Hesabu ya Evelyn ya mwaka 1680 ilikuwa 200,000. Mjukuu mmoja, kwenye meza ya kamari!

Lakini tusimhukumu Charles James upesi, kwa kuwa habari zake hazikuishia mezani. Tarehe 10 Juni 1806, akiwa waziri na mwili wake umeanza kudhoofika, alisimama Bungeni akatoa hoja kwamba biashara ya watumwa ikomeshwe. Hoja ikapita. Alifariki mwezi Septemba mwaka huo, na sheria ikatoka mwaka 1807. Biashara hiyo ilikuwa ile ya meli za Waingereza zilizovuka kwenda Amerika. Ya pwani yetu iliendelea miaka mingi zaidi. Mtu aweza kujiuliza kama mzee wa miaka 76 alikuwa na fununu yoyote kwamba ndoa yake itazaa jambo kama hilo.

Kuna sehemu moja ya mali ya mzee ambayo hakuiachia mtoto yeyote. Mnamo mwaka 1681 alianza kujenga kule Farley nyumba za kutunzia wazee maskini, akaweka msimamizi wao awe padre, na tena awe mwalimu wa watoto wa kijiji. Kanisa la kijiji akalijenga upya karibu yake. Wakati huo huo alishiriki sana katika kuanzisha nyumba kubwa ya askari wazee na vilema huko Chelsea, London, mwaka 1682, na sehemu ya ile shilingi iliyokatwa katika mishahara ikaelekezwa kuwatunza. Mambo hayo aliyafanya akiwa hai, akiyaona kwa macho yake na kuzikagua hesabu. Majengo yote mawili yangalipo.

Tunamalizia kwa jambo la kwetu. Tuliwahi kukaa katika matanga ya mwalimu mwenzetu. Alikuwa mtu mwangalifu, lakini hakuacha hata mstari mmoja wa maandishi. Siku ya tatu walikuja watu watatu mbalimbali, kila mmoja akisema marehemu alikuwa na deni lake. Mjane hakumjua hata mmoja wao. Alilipa wawili, na hadi leo hajui kama alilipa wa kweli.

Kwa hiyo, katika mkutano wetu wa Jumatano ijayo, baada ya kusoma habari za mabinti wa Selofehadi, kila atakayekuja aje na karatasi na kalamu. Mistari ya mwanzo itakuwa ya madeni: nani namdai, nani ananidai, na kiasi gani. Wenye watoto wadogo wataandika pia jina la mlezi, na wawe wamekwisha kumwuliza mwenyewe kama anakubali. Mali tutaifikia baadaye. Karatasi hatutazikusanya wala kuzisahihisha. Kila mtu atarudi na yake nyumbani, amwonyeshe mwenziwe wa ndoa. Mkutano utaanza saa kumi kamili.