Injini ya Kale ya Kukatia Majani

Watu wa Uingereza hupenda sana uwanja wenye majani mafupi mbele ya nyumba. Hapo zamani majani hayo yalifyekwa kwa miundu mirefu, nayo ilikuwa kazi ya alfajiri, umande ungalipo, maana majani makavu huinama wala hayakatiki vizuri. Hata mwaka 1830 Edwin Budding, mwenyeji wa Gloucestershire, akapewa hati ya serikali kwa chombo chake chenye visu vya kuzunguka. Yasemekana aliwaza jambo hilo alipoona mashine ya kiwandani iliyonyoa vinyweleo vya kitambaa. Chombo chake kilisukumwa kwa mikono. Zile kubwa zilizofuata zilivutwa na farasi, nao walivikwa viatu vya ngozi ili kwato zao zisitoboe uwanja.

Mwaka 1921 zikaanza kuuzwa mashine za Atco, zilizotengenezwa Birmingham na kuendeshwa kwa petroli. Nyingi zilitiwa injini ya Villiers. Baadhi zingalipo mpaka leo, zimesahauliwa katika vibanda vya bustani, zimejaa kutu na utando wa buibui.

Basi mtu akiipata mashine kama hiyo hutamani kuitia petroli na kuiwasha papo hapo. Asithubutu! Injini hii si kama ya motakaa. Katika motakaa mafuta ya kulainisha vyuma hukaa chini, mahali pake peke yake. Katika injini hii ndogo hakuna mahali pa namna hiyo. Pistoni ikipanda, petroli iliyochanganyika na hewa huvutwa katika chumba kilicho chini yake. Ikishuka, mvuke ule husukumwa kupitia njia ya ubavuni mpaka juu, nako huwashwa kwa cheche. Kwa hiyo vyuma vyote vya ndani hupata mafuta yale tu yanayokuja pamoja na petroli. Petroli ikija peke yake, pistoni husuguana na silinda, chuma kwa chuma, mpaka zinashikana, na injini iliyodumu miaka mingi huharibika kwa muda wa dakika chache.

Kadiri iliyozoelewa kwa injini za Villiers za zamani ni sehemu 1 ya mafuta kwa sehemu 16 za petroli; yaani petroli lita 4 hutiwa mafuta robo lita. Vichanganywe katika debe na kutikiswa kwanza, ndipo vimiminwe katika tangi. Mafuta yakizidi kidogo, kutakuwa na moshi na plagi itachafuka, nayo yasafishika. Yakipungua, hasara yake haisafishiki.

Walakini kabla ya petroli kuna kazi nyingine. Fundi hufungua plagi, hutia matone machache ya mafuta tunduni, huzungusha injini polepole kwa mkono. Ikikataa hailazimishi, bali huiacha mafuta yapenye. Kisha huifunga plagi katika waya wake, huigusisha na chuma cha injini, huzungusha tena aone kama cheche yaruka. Jaribio hili lifanywe mbali na petroli. Isiporuka, mara nyingi vile vidomo viwili vya chuma ndani ya magneto vimeshika kutu, navyo husuguliwa kwa msasa laini.

Petroli iliyolala miaka mingi huacha utomvu mzito katika kabureta na kuziba tundu lake dogo. Tundu hilo husafishwa kwa kupulizwa, wala halichokolewi kwa waya, maana likipanuka kipimo chake kimepotea. Tena petroli ya kawaida ya Uingereza, tangu mwaka 2021, yaweza kuwa na spiriti hadi sehemu 10 katika 100. Spiriti hiyo huvuta maji na kuharibu mipira na vizibo vya zamani. Kwa hiyo wenye mashine hizi hutafuta petroli yenye spiriti kidogo.

Tangi hujazwa nje, injini ikiwa baridi, pasipo moto wala sigara karibu. Na mkono usiguse visu kabla waya wa plagi haujaondolewa, kwa kuwa visu vikizungushwa vyaweza kuizungusha injini nayo ikashika.

Ikiwaka hutoa moshi wa buluu, nao si ugonjwa. Kazi ikiisha, fundi hufunga bomba la petroli na kuiacha injini ingurume mpaka kabureta ikauke, ikazimika yenyewe.