Kompyuta ya Gemu kwa Faranga Chache: Somo la Kuchagua Vipuri



Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.). Ama baada ya hayo.

Ndugu zangu, likizo moja nilipofika nyumbani Kabonga, mdogo wangu alinipa bahasha. Ndani mlikuwa na akiba yake ya mwaka mzima, faranga alizozipata kwa kuanika na kupakia ndagala ufukweni. Akasema, "Kaka, wewe unasoma mambo haya. Nijengee kompyuta ya kuchezea mpira." Hiyo ilikuwa amana, nami mwanzoni niliikosea. Nilinunua kadi ya picha iliyoandikwa GTX 1050 Ti bila kuijaribu. Nyumbani ilijitambulisha vizuri, lakini gemu ikawa inaganda. Kumbe ilikuwa kadi ya zamani iliyobadilishwa taarifa zake za ndani.

Kwa mafunzo hayo, fuateni hatua hizi.

1. Anza na gemu na skrini
Usianze na kipuri. Uliza: nitacheza gemu gani, na kwenye skrini ipi? Skrini ya 1366 kwa 768 ina nukta milioni moja na kidogo; ya 1920 kwa 1080 ina zaidi ya milioni mbili. Yaani kadi itafanya kazi karibu mara mbili. Kama skrini ndogo unayo tayari, kulipia kadi kubwa ni israfu.

2. Chagua msingi
Kwa mwenye pesa kidogo, kompyuta iliyotumika ofisini ni msingi mzuri: Dell OptiPlex 9020 au HP EliteDesk 800 G1, yenye prosesa kama Core i5-4590 ya mwaka 2014, kori 4. Chukua kasha refu la mnara. Kasha jembamba linataka kadi fupi maalumu, nazo ni adimu. Kumbuka pia kwamba baadhi ya Dell hizo zina plagi ya umeme ya aina yake kwenye ubao mama, hivyo pawa saplai ya kawaida haiingii bila kiunganishi.

3. Piga hesabu ya wati
Nafasi ya kadi kwenye ubao mama hutoa wati 75 tu. GTX 1050 Ti (2016) na GTX 1650 (2019), zote za GB 4, ziliundwa kwa kiwango hicho. Tafuta zile zisizo na tundu la waya wa ziada. Sasa jumlisha: prosesa wati 84, kadi 75, jumla 159. Ongeza kama 40 za diski, feni na vinginevyo, tunakaribia 200. Pawa saplai ya OptiPlex 9020 ya mnara ni wati 290, kwa hiyo inatosha.

Mwenye uwezo zaidi anaweza kununua Ryzen 5 5600G ya mwaka 2021, kori 6, ambayo ina sehemu ya picha ndani yake. Ataanza bila kadi, na ataiongeza Allah akimjaalia.

4. RAM na diski
Vijiti viwili vya GB 4 ni bora kuliko kimoja cha GB 8, kwa sababu prosesa husoma njia mbili kwa pamoja. Kwa 5600G jambo hili ni la lazima hasa, maana picha nazo zinatumia RAM hiyo hiyo. Kompyuta za i5-4590 hutumia DDR3, DDR4 haiingii. SSD haitaongeza kasi ya mchezo wenyewe, lakini itafupisha kusubiri.

5. Mfumo na umeme
Windows 10 iliacha kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haiikubali rasmi i5-4590. Linux ni ya bure na ya halali, ila hakikisha kwanza gemu yako inaikubali, kwani baadhi ya gemu za mtandaoni zinaikataa. Na kwa kuwa umeme wetu hukatika na kurudi kwa kishindo, tenga fungu la UPS. Usilifanye kuwa la mwisho.

6. Jaribu kabla ya kulipa
Omba iwashwe mbele yako. Fungua programu ya GPU-Z, ambayo tangu 2018 inatambua kadi nyingi za NVIDIA za bandia. Endesha gemu nusu saa, sikiliza feni, angalia joto. Kisha mwandikiane siku za kurudisha. Anayenunua Kigoma apitishe mzigo forodhani na atunze risiti, akijua kwamba kuvuka tena kwa ajili ya kurudisha ni nauli nyingine.

Mtume (s.a.w.) alikataza biashara ya gharar, na akakataza kumghushi mnunuzi. Muuzaji anayeficha aibu ya bidhaa amekosa, na mnunuzi ana haki ya kuirudisha. Nilikwenda na wazee wawili, nikarudishiwa nusu. Nusu nyingine nililipa mwenyewe. Mshika amana halipi hasara isiyotokana naye, lakini akizembea analipa, na mimi nilikuwa nimezembea. Nilimweleza mdogo wangu ukweli wote kabla ya kumkabidhi bahasha upya. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Safari hii twende wote."

Tulikwenda wote. Leo kompyuta inafanya kazi, na juu ya skrini amebandika karatasi ya nyakati za swala. Adhana ikilia, mechi inasimamishwa, hata kama anaongoza.

Wabillahi tawfiq.