Wanafunzi Hupita, Jirani Hubaki: Namna ya Kuanzisha Ukumbi wa Maigizo Chuoni Usiokufa Mkihitimu

Vikundi vingi vya maigizo vya wanafunzi hufa wiki ya mahafali. Waanzilishi wanavaa majoho, wanapiga picha na wazazi, wanapanda mabasi kurudi makwao, na ufunguo wa chumba cha mazoezi unarudishwa ofisini. Mwaka unaofuata ukichungulia dirishani utakuta viti vibovu na mabunda ya karatasi za mitihani.

Nilikuwa miongoni mwa wanafunzi waliogeuza kantini ya zamani ya chuo, hapa Dodoma, kuwa ukumbi wa maigizo ya jamii. Sisi tumeshaondoka, lakini ukumbi bado unafunguliwa. Haukudumu kwa sababu ya vipaji vyetu, maana wenye vipaji wapo kila chuo. Umedumu kwa sababu majirani waliukuta ni wao tangu siku ya kwanza. Nawaandikia hatua tulizopita, hasa ninyi mlio mwaka wa kwanza na wa pili, kwa kuwa mna muda wa kuzifuata.

1. Tafuteni jengo lililoachwa

Msisubiri kujengewa. Kila chuo kina bohari, kantini iliyofungwa au darasa lililopitwa na wakati. Na hapa Dodoma jengo kubadilishiwa kazi si jambo geni. Chimwaga ulikuwa ukumbi wa mikutano wa CCM. Humo ndimo Benjamin Mkapa alipopitishwa kugombea urais mwaka 1995, na Jakaya Kikwete mwaka 2005. Mwaka 2007 Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) kilipoanza, kilianzia hapo Chimwaga. Mwaka huohuo Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana kikafunguliwa yalipokuwa majengo ya Shule ya Sekondari Mazengo. Ukienda kuomba kantini iwe ukumbi, unaomba jambo ambalo mji huu umeshalifanya kwa ukubwa zaidi.

Mkilikagua jengo, angalieni kwanza mlango kuliko paa. Je, mama anayeuza karanga barabarani anaweza kuingia bila kupita mabwenini na bila kuulizwa kitambulisho cha chuo? Jengo zuri lililo katikati ya kampasi, nyuma ya mageti mawili, litabaki kuwa la wanafunzi milele. Sisi tuliacha chumba kikubwa chenye feni tukachukua kantini iliyochakaa, kwa kuwa mlango wake ulikuwa karibu na njia wanayopita watu wa mtaani. Hata hivyo, zungumzeni na walinzi mapema na kwa heshima. Mlinzi aliyeelezwa vizuri ndiye atakayewakaribisha wageni wenu.

Barua ya maombi iende kwa mlezi wa wanafunzi, nakala kwa serikali ya wanafunzi. Ambatanisheni ratiba ya matumizi, jina la mhadhiri atakayewasimamia, na maelezo ya nani atafagia na nani atafunga. Wakubwa huogopa jengo lisilo na mwenyewe. Waonesheni kwamba litakuwa na wenyewe.

2. Nendeni mtaani kabla ya kuandika mchezo

Kosa la vikundi vingi ni kuandika igizo bwenini, kisha kuwaita wananchi waje kufundishwa. Afrika Mashariki ina funzo la zamani juu ya hili. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Penina Mlama, Amandina Lihamba na Eberhard Chambulikazi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwenda Malya, Mwanza. Waliwauliza wanakijiji kinachowasumbua, na kati ya yaliyojitokeza lilikuwa tatizo la mimba za wasichana wadogo. Wakatengeneza maonyesho pamoja nao, kwa ngoma na nyimbo za kwao. Mlama aliifafanua njia hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1991 kuhusu utamaduni na maendeleo. Kazi ya kuwachokoza watu waseme wanachokijua inaitwa uraghbishi, na huanza kabla ya mazoezi yoyote.

Anzeni kwa mwenyekiti wa mtaa. Mwamkieni, jitambulisheni, ombeni awapeleke kwa wazee na kwa vikundi vya akina mama. Ukiwasalimia wazee wa Kigogo kwa "mbukwenyi" badala ya kukimbilia Kiswahili chako cha chuoni, mazungumzo hufunguka. Kaeni, sikilizeni, msitoe simu kurekodi mpaka mruhusiwe.

Tuliyoyasikia sisi hayakuwa tuliyoyatarajia. Tulidhani tutacheza juu ya maambukizi ya magonjwa. Wazee walitaka kuzungumzia ardhi. Dodoma ilitangazwa kuwa makao makuu mwaka 1973, lakini Serikali ilipoanza kuhamia kwa kasi kuanzia mwaka 2016, na Dodoma kutangazwa kuwa jiji mwaka 2018, bei ya ardhi ilipanda. Mzee aliyezoea kulima uwele na karanga akaona mashamba yanapimwa viwanja. Nani auze, nani akatae, watoto wagawane vipi fedha, mama ana sauti gani katika uamuzi huo? Hapo ndipo mchezo wetu wa kwanza ulipopatikana, na ukumbi ulijaa kwa sababu kila aliyeingia alikuwa na lake la kusema.

3. Tungeni pamoja, na muache nafasi ya kujibiwa

Mbrazili Augusto Boal alieneza mtindo ambao sisi huuita jukwaa shirikishi. Mnacheza kisa kifupi mpaka mahali pabaya kabisa, kisha mnakirudia. Safari ya pili mtazamaji yeyote anaweza kusema "Simama!", akapanda jukwaani, akachukua nafasi ya mhusika na kujaribu njia nyingine. Mraghbishi anasimama kati ya jukwaa na hadhira, anauliza, hahubiri.

Mambo matatu yanausaidia mtindo huu kufanya kazi. Kisa kisizidi dakika 20. Mhusika anayeonewa awe na nafasi ya kweli ya kufanya uamuzi, la sivyo hakuna atakayepanda kumsaidia. Na wa kwanza kualikwa asiwe mwanafunzi, kwa kuwa wanafunzi wakianza, wenyeji hukaa kimya. Tulizoea kumtazama mama fulani aliyekuwa akitikisa kichwa wakati wa mchezo, tukamuuliza, "Mama, wewe ungefanyaje?" Akishasema mmoja, wengine hufuata.

Kuhusu ngoma, ombeni kwanza. Muheme ya Wagogo hupigwa na wanawake na ina mizizi yake unyagoni, kwa hiyo si pambo la kuchukua tu na kupamba onyesho. Wafuateni akina mama wenye ngoma yao, wawaambie kipi kinapigwa mbele za watu na kipi hakipigwi, na wakikubali, wapige wao wenyewe. Kwa upande wa zeze na marimba, tafuteni mafundi wa mtaani. Eneo hili ndilo lililomtoa Hukwe Zawose, aliyeipeleka sauti ya Kigogo duniani kabla ya kufariki mwaka 2003, na tamasha la muziki wa Wagogo huko Chamwino linaonesha kwamba mafundi hawajaisha. Mwanafunzi wa sanaa anayemaliza Dodoma bila kukaa miguuni pa fundi wa zeze amejinyima elimu.

4. Tengenezeni ukumbi kwa vitu vilivyopo

Kantini ya saruji yenye paa la bati ina maadui wawili: mwangwi na mvua. Mwangwi tuliupunguza kwa kutundika magunia na mablanketi ukutani na kutandika mikeka mbele ya jukwaa. Watoto wakakaa hapo, na miili ya watu yenyewe hunyonya sauti. Mvua ikipiga bati hakuna mwigizaji atakayesikika, hivyo wakati wa masika chezeni michezo yenye ngoma na vitendo vingi, maneno machache.

Msijenge jukwaa refu. Pangeni mabenchi nusu duara, watu wazima nyuma, waigizaji chini usawa wa hadhira. Jukwaa la juu humfanya mtu wa kawaida aogope kupanda, na mtindo wetu unategemea apande. Taa mbili kubwa za LED zilizofungwa juu ya nguzo, pande mbili, zinatosha kuonesha nyuso. Wekeni na taa za sola za akiba kwa ajili ya umeme kukatika. Kuanzia Juni upepo wa Dodoma hubeba vumbi na usiku huwa na baridi kali, kwa hiyo zibeni madirisha ya upande wa upepo na anzeni saa kumi jioni ili wazee na watoto wawahi kurudi nyumbani.

Usalama msiuchezee. Ukumbi wa makuti wa Chuo cha Sanaa Bagamoyo uliteketea kwa moto mwaka 2002, na hicho kilikuwa chuo chenye wataalamu. Milango miwili iwe wazi wakati wote wa onyesho, fundi umeme wa chuo akague nyaya, na mtungi wa zimamoto uwepo mahali panapoonekana.

5. Pangeni kalenda ya mkulima pamoja na ya chuo

Hapa ndipo wengi hukwama. Mvua za Dodoma hunyesha kati ya Novemba au Desemba na Aprili, na miezi hiyo jirani yako yupo shambani. Anapata nafasi baada ya mavuno, kuanzia Juni na kuendelea. Lakini Julai ninyi mko kwenye UE, yaani mitihani ya chuo, kisha mnaondoka kwenda mafunzo kwa vitendo na likizo mpaka Oktoba. Yaani jirani anapumzika wakati ninyi hampo.

Jibu letu lilikuwa kugawana mwaka. Novemba mpaka Machi ni uraghbishi, utunzi na mazoezi ya jioni. Mei na Juni ni maonyesho makubwa. Julai mpaka Oktoba ukumbi unaendeshwa na majirani wenyewe: vijana wa mtaa wanarudia michezo tuliyotunga pamoja, akina mama wanafanya mazoezi ya ngoma, watoto wana Jumamosi yao ya hadithi. Miezi hiyo ndiyo inayopima kama mmejenga ukumbi wa jamii au chumba cha wanafunzi.

6. Vibali na hakimiliki

Michezo ya jukwaani ina sheria yake, Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976, na Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA) lilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1984. Mwanzo rahisi ni kwa Afisa Utamaduni wa halmashauri: mpelekeeni muhtasari wa mchezo, mwulizeni kibali gani kinahitajika na kwa muda gani, nanyi mjulisheni mtendaji wa mtaa tarehe. Mkitaka kucheza tamthilia iliyochapishwa, mathalani *Kinjeketile* ya Ebrahim Hussein, ombeni ruhusa ya mwenye haki. Sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 inamlinda mwandishi, na msanii asiyeheshimu jasho la mwenzake hana haki ya kudai lake liheshimiwe.

Tusichukulie vibali kwa wepesi. Kule Kamiriithu, Kenya, wanakijiji walijenga kwa mikono yao jukwaa la wazi la kutosha watu wapatao 2,000, na wakacheza igizo la Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii kwa Kikuyu. Mwaka 1977 kibali kilifutwa, na mwaka 1982 serikali ikalibomoa jukwaa lile. Historia hiyo inatufundisha mambo mawili kwa pamoja: nguvu ya ukumbi unaomilikiwa na watu, na umuhimu wa kuwa na nyaraka zako kamili na marafiki wengi mapema.

7. Fedha

Msitegemee bumu, yaani fedha za mkopo wa wanafunzi. Bumu linachelewa, na likija lina wenyewe wengi. Kiingilio kiwe hiari, sanduku la michango likae mlangoni chini ya uangalizi wa jirani mmoja na mwanafunzi mmoja, na hesabu zisomwe mbele ya hadhira kabla ya mchezo unaofuata. Maleba tengenezeni kwa khanga na nguo za mitumba. Anayetaka kudhamini mkaribisheni, lakini mwisho wa mchezo usiuzwe.

8. Kabidhini mkiwa bado mpo

Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, walianzisha kikundi chao cha maigizo ya kusafiri mwaka 1965, wakicheza kwa lugha kadhaa, Kiswahili kikiwemo. Chuo Kikuu cha Nairobi wakafuata mwaka 1974 chini ya mwandishi wa tamthilia John Ruganda. Vikundi hivyo viliwafikishia watu wa mbali sanaa ya chuo. Sisi wenye ukumbi tunaweza kuongeza hatua nyingine: watu wabaki na sanaa hata wanachuo wakiondoka.

Kwa hiyo kamati iwe nusu wanafunzi, nusu wakazi wa mtaa. Ufunguo mmoja ukae ofisini chuoni, wa pili kwa mjumbe wa mtaani, kwa barua yenye saini. Kila kazi ya mwaka wa tatu iwe na msaidizi wa mwaka wa kwanza na msaidizi wa mtaani. Andikeni kila mchezo kwenye daftari moja: kisa, nyimbo, nani alipanda jukwaani, nini kilipendekezwa. Na kikao cha makabidhiano kifanyike Mei, msisubiri wiki ya mahafali ambapo kila mtu ana wageni wake.

Ndugu zangu mlio UDOM, Mtakatifu Yohana na vyuo vingine vya nyanda hizi, msianze kwa kutafuta taa wala kuandika tamthilia. Wiki hii nendeni kwa mwenyekiti wa mtaa ulio jirani na chuo chenu, mwombeni awakutanishe na wazee, na waulizeni wazee hao swali moja: ninyi mngependa kuona nini kikichezwa? Jengo mtalipata baadaye.